Feni ya Chumba cha Mbawakawa

Mworodheshaji wa mbawakawa katika jumba la makumbusho hawashi feni. Wadudu wake waliokaushwa hutoka chini ya majani makavu ya misitu ya kisiwani, wadogo kama mbegu za mchicha, na pumzi moja tu huwapeperusha. Kila anapomgandisha mmoja kwa gundi kwenye kikaratasi, kwa ncha ya brashi, hubana pumzi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Dada, tutaiva humu," hulalamika mwenzake wa meza ya pili.

"Tuive sisi, wao wasiruke."

Juzi mwenzake huyo aliingia kutoka juani, akajisahau, akawasha. Kikaratasi cha mbawakawa aliyepatikana mmoja tu wa aina yake, ambaye hata jina la kisayansi hajapewa na gundi yake ilikuwa bado mbichi, kikabaki kitupu.

"Nisamehe, dada. Si tutarudi tukamtafute mwingine?"

"Wapi, mdogo wangu? Msitu wake umeshafyekwa."

Hakufoka. Alivua viatu, akapiga magoti na tochi, akapekua nyufa za sakafu moja baada ya nyingine mpaka jua likahama dirishani. Alipompata, alimwinua kwa brashi yenye unyevu. "Umenihangaisha, mwanangu," akanong'ona, akamgandisha upya, akafunga kisanduku. Ndipo aliposhusha pumzi.

"Haya, mdogo wangu, washa feni yako."

"Nishapoa, dada," alijibu mwenzake, jasho likimdondoka kidevuni.