Verna Pascoe na Bahasha za Chuo

Clarrie Pascoe alifia kwenye usukani siku ya Ijumaa, lori lake likiwa limesimama vizuri mbele ya geti, breki ya mkono imevutwa. Alizikwa Jumatatu. Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, mkewe Verna akaja posta kuchukua mifuko ya barua.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa posta pale Tilgara, magharibi kabisa ya New South Wales, posta ya chumba kimoja na dirisha moja. Clarrie alikuwa na mkataba wa kupeleka barua mashambani kila Jumanne na Ijumaa, kilomita mia mbili na arobaini za vumbi kwenda na kurudi, masanduku kumi na moja ya mashamba ya kondoo.

"Verna," nikamwambia, "makao makuu watatafuta mtu wa muda. Kaa nyumbani kwanza."

"Nikae nyumbani nifanye nini, Alby? Nitazame kiti chake?"

"Njia ni ndefu."

"Naijua. Nimemfungulia mageti miaka kumi na tisa. Leta mifuko."

Mageti yalikuwa arobaini na moja. Mkiwa wawili, geti si kitu: mmoja anaendesha, mwingine anafungua na kufunga. Ukiwa peke yako unasimama, unashuka, unafungua, unapanda, unavuka, unashuka, unafunga, unapanda tena. Mara arobaini na moja kwenda, na mara arobaini na moja kurudi. Hiyo ilikuwa mwaka 1971. Verna alikuwa na miaka arobaini na sita, na hawakujaliwa mtoto.

Watu wa mjini hudhani mpeleka barua ni mtu wa watu. Labda huko kwao. Njia ile, masanduku mengi yalikuwa mapipa yaliyolazwa juu ya nguzo kando ya barabara, nyumba yenyewe iko kilomita tano ndani. Anatia barua, anachukua zinazokwenda, anaondoka. Zipo siku Verna alirudi jioni akaniambia kuwa neno la kwanza alilotamka tangu asubuhi ni lile la kunisalimu mimi. Na katika mifuko yote ile, hamkuwa na barua yake. Dada yake Thelma, aliyekaa mji wa Orange, alikuwa mtu wa kadi moja ya Krismasi.

Shamba la mwisho la njia liliitwa Belar. Huko aliolewa msichana wa Sydney, Robyn Teale, aliyekatiza masomo ya chuo ili amfuate mumewe. Mwaka 1974 serikali ilipofuta karo za vyuo vikuu, Robyn akajiandikisha kwa njia ya posta katika chuo kimoja cha kule nyanda za juu. Ndipo zikaanza kuja bahasha nene za rangi ya kaki, zimejaa masomo yaliyopigwa taipu, na vitabu vya kuazima vilivyofungwa kwa kamba. Robyn hakungoja pipa. Alikuwa anakuja barabarani na chupa ya chai, wakakaa na Verna kwenye kivuli cha lori.

"Umenibebea nini leo?" Robyn aliuliza siku moja.

"Matofali. Mgongo wangu unataka kujua mna nini humo."

"Chukua hiki basi, kisome. Utanirudishia Ijumaa."

Kilikuwa kitabu kuhusu wakulima wa Uingereza wa zamani walivyofukuzwa kwenye malisho ya kijiji ili mabwana wakubwa wafuge kondoo. Verna alikisoma akila mkate wake wa mchana kwenye geti la kumi na tisa, penye mti pekee wa maana. Ijumaa alikirudisha akiwa na maswali. Robyn akampa kingine. Ikawa hivyo karibu mwaka mzima, mpaka siku Robyn alipomwekea fomu mkononi.

"Kuna mlango wa watu wazima. Hawaulizi cheti cha shule."

"Robyn, mimi niliacha shule nina miaka kumi na mitatu, nikaenda kupikia wakata manyoya."

"Basi kuamka mapema unajua. Wengi pale chuoni hilo ndilo linalowashinda."

Fomu aliijaza kwenye kaunta yangu, kwa kalamu ya posta iliyofungwa uzi. Palikuwa na mahali pa kueleza kwa nini unataka kusoma, mistari sita. Aliandika maneno matatu: Safari ni ndefu.

Bahasha yake ya kwanza ilipofika nilitaka kumpa dirishani. Akaikataa.

"Itie mfukoni na nyingine," alisema. "Mimi nami niletewe."

Kwa hiyo alikuwa akifika geti la kumi na tisa ndipo anafungua mfuko na kujikabidhi barua yake.

Mwaka 1976 mvua ilimkamata katikati ya makorongo mawili. Mbele maji, nyuma maji. Akakaa kwenye lori siku nne, na nusu ya mkate, kipande cha nyama baridi ya kondoo, keki ya matunda ya Bibi Orr, wa shamba mojawapo la njia ile, iliyokuwa inakwenda kwa mtu mwingine, na insha iliyotakiwa wiki ile. Barua aliziinua zote juu ya kiti zisiloe, yeye akakaa sakafuni na kuandika akiegemea mlango. Insha ilihusu wafugaji wadogo na ukame wa miaka ya nyuma, na aliandika alichokijua: baba yake alivyoondoka kwenye kipande chao cha ardhi na farasi mmoja na kitanda. Nilipoipokea ilikuwa na tope kwenye pembe. Nikapiga muhuri nikaituma hivyo hivyo.

Ilirudi baada ya wiki tano. Mwalimu aliyesahihisha, Bwana Haldane, alikuwa ameandika chini kwa wino mwekundu: "Wengine wameyasoma haya. Wewe umeyaona. Endelea, tafadhali." Verna alinionyesha kupitia dirishani, hakuiachia, aliishika kwa pembe kama picha iliyolowa.

"Ona mwandiko wake," alisema. "Herufi zimeinama kama mtu anayekwenda dhidi ya upepo."

Tangu hapo nilikuwa nikijua bahasha yenye wino mwekundu imefika kwa namna anavyopokea mfuko. Alikuwa anaupapasa.

Kisha ukaja ukame. Akina Teale wakauza Belar, wakahamia pwani. Robyn alikuwa amemaliza shahada yake, akapata kazi ya ualimu. Alimwachia Verna kamusi na masanduku mawili ya vitabu, akamkumbatia pale kwenye pipa, gari la mizigo likiwa linangoja. Alimwandikia mara tatu mwaka wa kwanza, mara moja wa pili. Belar ikapewa meneja mseja ambaye hakupenda kuonekana. Chai kando ya lori ikaisha. Mtu wa pekee aliyebaki kumjibu Verna neno lolote la maana alikuwa Bwana Haldane, pembeni mwa karatasi.

Wanafunzi wa posta walitakiwa kwenda chuoni wiki moja wakati wa likizo ili wasomeshwe ana kwa ana. Verna alikuwa akiomba udhuru kila mwaka kwa sababu ya njia yake. Mwaka 1978 akaenda. Alimlipa mtu wa gereji ashike njia, akaoka keki ya matunda, akaifunga kwa karatasi ya nta, akapanda basi.

Niliyajua ya huko baada ya miaka, alipoamua kunisimulia. Siku ya kwanza alingoja mpaka darasa likaisha, akamwendea Bwana Haldane na keki yake mkononi. Alikuwa amemfikiria mzee. Akakuta kijana wa miaka thelathini, mpole, sweta imetoboka kiwiko.

"Samahani," kijana akasema, "wewe ni nani vile?"

"Pascoe. Verna Pascoe."

"Pascoe," akarudia, anatabasamu.

"Wa njia ya barua. Ile insha ya ukame."

"Aa, ndiyo, ndiyo. Karibu sana." Papo hapo mtu mwingine akamwita, akageuka.

Verna alijua kwamba hakumkumbuka. Mtu anayeishi na maneno machache hujua kuyapima. Keki aliwapa wanawake wa jikoni, wakaifurahia. Wiki nzima alikaa safu ya nyuma, akaandika kila kitu, usiku akalala mapema, Jumamosi akapanda basi.

"Si kosa lake, Alby," aliniambia. "Yeye anao watu mia mbili. Mimi ninaye yeye mmoja."

Muhula ule hakutuma insha. Bahasha zilikuja, hazikwenda. Mimi ndiye niliyepima kila kifurushi kinachotoka Tilgara, kwa hiyo niliona. Mwezi wa tatu wa muhula nikashindwa kunyamaza.

"Umeacha?"

"Nimechoka tu."

"Watu watasema."

"Nani? Kondoo?"

Hakuna aliyejua anasoma ila mimi na Robyn, hilo nilikuwa nimelisahau. Wiki mbili baadaye akaniletea bahasha nene ya kutuma. Sikuuliza, lakini alijibu mwenyewe: "Kile kitabu nilikuwa nimefika katikati. Nilitaka kujua kilivyokwisha."

Mitihani aliifanyia kwangu. Chuo kilimtaka mtu mwaminifu wa serikali asimamie, ama polisi ama posta. Nilifunga mlango Jumamosi saa sita mchana, nikaikata bahasha yenye lakiri mbele yake, nikaweka saa mezani. Saa tatu nzima Verna anaandika upande ule wa meza, mimi niko upande huu, sina ruhusa ya kusoma gazeti. Nilimtazama akikunja midomo, akifuta kalamu kwenye sketi. Miaka ile nilimtazama hivyo mara kumi na mbili. Mimi pia nilikuwa mtu wa peke yangu. Nilipika yai moja asubuhi, moja jioni. Kanuni zilikataza msimamizi kusema na mtahiniwa, na mtihani ukiisha nilikuta nimezoea ile kanuni.

Alimaliza mwaka 1982. Siku ya mahafali iliangukia Ijumaa, na mtu wa gereji alikuwa ameshahama.

"Basi watanitumia cheti kwa posta," akasema. "Ndivyo nilivyosoma."

"Utakwenda," nikamwambia. "Njia nitaishika mimi. Nina likizo ya miaka minne sijaigusa."

"Geti la saba usilisukume. Linyanyue."

Nikaenda. Kazi ya posta nilikuwa nimeifanya miaka ishirini na sita, na sikuwa nimewahi kufika barua zilikokuwa zinakwenda. Kufikia geti la kumi na moja nilikuwa nazungumza na kunguru. Kufikia la thelathini nilikuwa nimenyamaza, na ule ukimya ulikuwa wa namna nyingine, unakaa nawe kwenye kiti cha pembeni. Nikafikiri: mara mbili kwa wiki, miaka kumi na mmoja.

Kwenye pipa la akina Orr alisimama mke wa nyumba ile, Coral, mkwe wa yule bibi wa keki, mtoto kiunoni.

"Verna yuko wapi? Anaumwa?"

"Amekwenda kuchukua shahada yake."

"Shahada ya nini?"

"Ya historia. Chuo kikuu."

Coral alimhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno. "Verna wetu huyu? Huwa anasema 'mvua haipo' na kuondoka." Kisha akakumbuka: "Mwaka jana nilikuta fomu za chuo kwenye pipa, hazina jina. Nilidhani ni matangazo ya serikali, nikawashia jiko."

Nilikuja kujua kwamba Verna aliziweka kwenye mapipa sita, kila mwaka, bila neno lolote.

Jumanne akarudi, saa kumi na mbili asubuhi, dirishani.

"Ilikuwaje?"

"Walitaja jina. Wakapiga makofi, kama walivyompigia kila mtu. Jirani yangu wa kiti alikuwa mwanamume wa Moree, kaja na ndugu kumi na mmoja. Mkewe alinipiga picha nikiwa na joho. Alichukua anwani yangu, akasema atanitumia."

Picha haikuja. Wiki nyingi alikuwa akiniuliza, halafu akaacha kuuliza, lakini mimi nikaendelea kuitafuta. Niliandika mpaka ofisi ya barua zilizokosa wenyewe. Bahasha za kaki nazo zilikuwa zimekwisha. Kwa miaka minane alikuwa na kitu cha kutarajia. Sasa alibeba mfuko kwa mkono mmoja, wala haupapasi. Mtu wa baa alimwuliza shahada itamfungulia mageti mangapi. Alijibu, "Hata moja," akaendelea kunywa.

Mwaka uliofuata bahasha za kaki zilianza tena, jina juu yake C. Orr. Verna akawa anasimama kwa akina Orr dakika kumi, kumi na tano, akimweleza Coral namna ya kupanga insha. Lakini Coral alikuwa na watoto watatu na chakula kinachoungua jikoni; alishukuru na kukimbilia ndani. Alisoma haraka, akamaliza kwa miaka sita. Ni mwalimu mkuu sasa, na sidhani kama yuko anayemjua Coral ambaye hajasikia jina la Verna Pascoe.

Verna mwenyewe mkataba ulimtoka mwaka 1989, ukaenda kwa mtu mwenye lori kubwa. Akahamia Orange, mtaa mmoja na Thelma. Mimi nikastaafu mwaka uliofuata. Nilimwandikia kila tarehe mosi, naye akajibu, kurasa mbili, za hali ya hewa na vitabu.

Nilimtembelea mara moja, majira ya baridi. Alikuwa na kuta mbili za vitabu na paka asiyependa wageni. Tulikunywa chai, tukazungumzia makorongo, nani kauza, nani kafa. Nilikuwa nimesafiri saa tisa kwenye basi nikiwa na jambo la kumwambia, nimelipanga vizuri njia nzima. Badala yake nikamwuliza kama anazo kuni za kutosha.

"Ninazo," alisema Verna. "Lakini unaweza kunipasulia chache, kama basi lako bado."

Nikaenda uani, nikapasua mpaka saa ya basi ikafika.