Nyota Zilizotupwa Shinani

Ukitaka kugombana na Vestina Karugendo, beba maganda ya ndizi ukayatupe nje ya shamba. Amezaliwa Kanazi, kijiji cha Wahaya, na huko maganda, majani makavu na samadi hurudi shinani mwa mgomba. Kinachoruhusiwa kutoka kibanjani, shamba la migomba lizungukalo nyumba, ni mgeni aliyeshiba. Ni mkarimu kupita kiasi, ila kwa taka ni mchoyo asiye na mfano.

Kazi yake, anayoifanyia kwenye chumba alichopanga mjini Bukoba, ni kuandika programu ya kompyuta. Kuna mradi wa kupiga picha anga zima kwa infraredi, ile miale ya joto isiyoonekana kwa macho, na picha zinapokuja huwa zimejaa uchafu: joto la hewa, joto la darubini yenyewe, na vidoa vya uongo vinavyojifanya nyota. Programu ya Vestina huzisafisha. Wenzake walitarajia vidoa hivyo vifutwe. Yeye akavitengea sehemu, akaiita Shinani, akavirundika humo vyote. Aliyeuliza ni vya nini alijibiwa kwamba shamba halijui taka.

Lundo likakua hadi seva za mradi zikakaribia kujaa. Derick, kiongozi wao aliyeko Arusha, mtu mpole asiyependa malumbano, akampa hadi Jumatatu: alifute, la sivyo programu akabidhiwe mwenzake Joyness. Vestina aliipenda ile programu kama mtu anavyompenda mwanawe mtundu. Akakubali kufuta. Akatia kompyuta mkobani, akapanda bodaboda kwenda Kanazi kwa mama yake, Joviana, maana mtu akiumia huenda kwao.

Kesho yake asubuhi, mama akimenya ndizi nje ya jiko, Vestina akalifungua lundo alichungulie mara ya mwisho. Kanuni aliyoiandika mwenyewe ilikataa kila kidoa kinachong'aa kwenye picha moja na kufifia kwenye inayofuata, kwa kudhani ni hitilafu ya kifaa. Lakini zipo nyota ambazo ndivyo zilivyo: hung'aa, zikafifia, zikang'aa tena. Alizikuta humo kundi zima, zimelala na taka. Kosa lilikuwa lake, wala hakuwa na wa kumsingizia.

Sasa tazama mtego wenyewe. Akifuta kama alivyoamriwa, kosa linazikwa na kazi inabaki yake. Akisema, nyota zinapona, lakini nani humwachia programu mtu aliyetupa nyota? Alikaa akitafuna kucha hata mama akamwuliza kama anaumwa. Akamweleza kwa Kihaya kwamba ameharibu kazi na hakuna ajuaye. Joviana hakuacha kumenya. Alisema tu kwamba mficha uchi hazai, kisha akamwagiza asogeze sufuria.

Vestina alisogeza sufuria, akampigia Derick, akamweleza yote bila kujitetea. Derick alimsikiliza hadi mwisho.

“Ungefuta tu, dada, nisingejua maisha yangu yote.”

“Ndiyo maana nimepiga, bosi.”

Derick akashusha pumzi. Akasema ataomba nafasi zaidi kwenye seva ili lundo lisiguswe, ila kosa litaandikwa kwenye taarifa kwa jina la Vestina, hilo hawezi kumfichia. Vestina akaitikia. Kisha akauliza kama basi programu inakwenda kwa Joyness.

“Nitampaje,” Derick akasema, “na sasa nimemjua atakayeniambia ikiharibika?”

Simu ilipokatika Vestina alijifunika uso kwa kanga ya mama yake, akalia kwa kwikwi kama mtoto. Joviana akampapasa mgongo, akamwita kwa Kihaya mwana wange, mwanangu, wala hakumwuliza kitu. Alikuwa na hakika kwamba binti yake amefukuzwa kazi. Akavuta chane nyingine ya ndizi akaendelea kumenya, maana sasa nyumbani kulikuwa na mtu wa kulisha.