Ngoma ya Baba Kwenye Sabufa Yangu

Siku nilipowasha sabufa zangu mbili kwa mara ya kwanza pale Katoro, kibao cha namba ya gari kilidondoka. Sitanii. Kilitetemeka, kikalia kama debe lenye kokoto, skrubu zikalegea, kikaanguka mbele ya vijana wa bodaboda, nao wakashangilia kana kwamba nimefunga goli. Nilikiokota huku nikicheka, nikakiweka kwenye kiti, nikaongeza sauti.

Nilikuwa nauza mchele. Nilinunua Kagongwa, nikauza Katoro, na njia yote hiyo nilikuwa peke yangu na gari langu, lile la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Mwanamke akiendesha mwenyewe kwenye barabara ya wachimba dhahabu, watu humkodolea macho. Basi mimi niliamua wanikodolee kwa sababu ninayoitaka mwenyewe. Kila sabufa ilikuwa na upana wa sinia la pilau, na fundi wa sokoni alilitoboa boksi lake tundu kubwa kwa mbele ili, kwa maneno yake, "lipumue". Lilipumua kweli! Mtu akiwa kituo cha mafuta alinisikia kabla hajaliona gari.

Jumapili moja nikapita kwa baba, nje kidogo ya Ushirombo. Baba ni Msukuma aliyehamia huko zamani na ng'ombe wake, na mpaka leo ndiye mpigaji wa ngoma kubwa katika kikundi cha ngoma cha kijiji. Ngoma ya kati hupigwa na jirani yake, rafiki yake tangu ujana. Tangu nikiwa mtoto, ugomvi wao ni mmoja tu: baba husema jirani anachelewa, jirani husema hachelewi hata kidogo.

Nilimwamkia baba, nikafungua mlango wa nyuma wa gari na kuwasha. Nilitaka ashangae. Mbuzi walikata kamba. Vikombe vililia kwenye kabati la mama. Baba alisimama, mkono kiunoni, akasikiliza wimbo mzima mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "humo ndani zinapigwa ngoma ngapi?"

"Ngoma ngapi? Baba, hiyo ni besi."

"Nimesikia. Ngapi?"

Nikarudia wimbo, safari hii nikisikiliza kwa makini. Nilijaribu kuhesabu. Kulikuwa na vuuum moja ndefu, kama lori linalopanda mlima na halifiki. Baba akatikisa kichwa, akaenda kuwatafuta mbuzi wake. Niliondoka nimenuna.

Swali lile lilinikera mpaka Kagongwa. Jirani na mashine ya mchele palikuwa na seremala aliyeacha kutengeneza vitanda akahamia kwenye muziki wa magari. Nikamweleza. Akafungua nyuma, akagonga boksi kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akaniuliza, "Dada, wewe unataka kusikika au unataka kusikia?"

"Vyote viwili."

"Anza na kimoja."

Alinionyesha. Akawasha, akaniambia niweke kiganja karibu na sabufa. Ngoma ilipigwa mara moja, lakini koni, ile karatasi ngumu ya mbele ya sabufa, iliendelea kuchezacheza, na kabla haijatulia pigo jingine likafika juu yake. Yote yakagandana kama ugali mbichi. Na zaidi ya nusu ya kelele niliyokuwa najivunia, akasema, haikuwa muziki bali bati la mlango likigongana na chuma.

Alitoa sabufa moja. Nililia moyoni, nakiri. Ile iliyobaki akaitengenezea boksi jipya, dogo, la ubao mnene, lililozibwa kila upande kwa gundi mpaka hata sisimizi asingepata pa kupenya. Akabandika mpira ndani ya milango. Akapunguza nguvu ya amplifaya, kisha akapunguza tena nilipogeuka. Alipowasha, nilitaka kumdai ile sabufa nyingine papo hapo, maana sauti ilikuwa ndogo mno! Halafu nikasikia vidole vya mpiga gitaa la besi vikiteleza kwenye nyuzi. Wimbo ule nilikuwa nao miaka, na sikuwahi kujua kuwa ana vidole. Nikapiga kelele, "Rudisha hapo! Rudisha!"

Yule seremala akacheka, akaniazima kinasa sauti chake kidogo. "Karekodi kitu unachokijua kwa masikio yako, halafu upime."

Nilijua kitu gani zaidi ya ngoma ya baba? Jumapili iliyofuata kikundi kilikuwa kikifanya mazoezi kwa ajili ya harusi ya pale kijijini. Nikaweka kinasa sauti juu ya kigoda, wakapiga, wakacheza, vumbi likatimka. Walipopumzika nikafungua gari, nikakichomeka kwenye redio na kuwasha.

Lo! Ngoma zilitokea pale nyuma ya gari, kila moja mahali pake. Ngoma ndogo kushoto, njuga za wachezaji mbele, ngoma ya kati kulia, na ile kubwa chini kabisa, kavu, ikigonga kifuani na kuondoka. Kina mama walipiga vigelegele. Mchezaji mmoja akachungulia ndani ya gari kuona ni nani anapiga.

Baba peke yake hakushangilia. Alisogea, akainama.

"Rudisha."

Nikarudisha. Njuga na ngoma ndogo zilikwenda pamoja. Ngoma ya kati ilitua nazo sawasawa. Ile kubwa ikaja nyuma, kidogo tu, lakini kila mara.

"Rudisha tena."

Sasa kila mtu alikuwa amesikia. Nilitamani nizime. Jirani alikuwa ameangalia chini, anajikuna kidevu.

Baba akanyooka. "Ni mimi," akasema. "Anayechelewa ni mimi."

Jirani aliruka juu kama kijana. "Semeni mmesikia! Miaka yote! Semeni mmesikia!" Alikimbia kuzunguka gari, akanishika mikono yote miwili, akinishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, mwanangu, wabeja sana!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mwishowe baba naye akacheka, akakohoa, akacheka tena mpaka akakaa chini.

Kisha akaenda kuchukua ngoma yake. Akaiweka mbele ya gari, akaniambia niwashe tangu mwanzo, akapiga pamoja na ile rekodi, akizifukuzia njuga. Mara ya tatu alizikamata. Niliona uso wake ulivyobadilika. Jirani akaacha kutamba, akavuta ngoma ya kati, akaingia naye, na wachezaji wakafunga njuga upya.

Kwenye harusi Jumamosi walipigiwa vigelegele hadi bwana harusi akasahau kukaa alipoambiwa akae. Jirani alimdai baba jogoo wa faini kwa kusingiziwa muda wote ule. Alipewa, akamchinja siku hiyohiyo, na baba ndiye aliyekula paja.