Mchumba Wangu Alipomvaa Shangazi Siku ya Kuja Kujitambulisha

Chekeni tu, jamani, mimi aibu ile haijanitoka na hasira ndiyo kwanza zinapanda.

Nafundisha fasihi sekondari moja huku Muleba, na wiki ile tulikuwa tunasoma habari za mashujaa wa Ulaya ya zamani, wale wapanda farasi wa mavazi ya chuma waliokuwa radhi kufa kwa ajili ya heshima ya mwanamke. Basi nikamsimulia mchumba wangu Deo, halafu (mdomo wangu huu!) nikamchokoza, “Wenzako walipigana na majitu, wewe hata kunibebea mkoba unaona haya.”

Ni hilo tu nililosema.

Siku ya kujitambulisha Deo na wazee wake wakaja nyumbani kwetu Buhembe na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakaketi, na shangazi yangu akaanza utani wake, maana kila Mhaya anajua binti hasifiwi siku hiyo, anapondwa ili wageni wabembeleze kupewa.

“Huyu? Mvivu! Anaanza kumenya ndizi asubuhi, jua linazama hajamaliza!”

Wageni wakacheka, mshenga akakohoa ili ajibu, na Deo, aliyeonywa asifungue kinywa, akasimama!

“Mama, muombe radhi! Hakuna atakayemdharau malkia wangu mbele yangu!”

Malkia! Nikatamani ardhi ipasuke. Hakuishia hapo, akanipigia magoti, mbele ya baba, mimi ambaye muda mfupi nyuma nilikuwa nimepiga magoti kuwasalimia wazee wake, na goti lake likagonga kibuyu, rubisi yote ikamwagikia kitenge kipya cha shangazi.

Shangazi akajikung'uta taratibu. “Hajapewa mke yuko hivi. Akipewa je?”

Baba akainuka, akaenda zake kwenye mibuni. Kikao kikafa, matoke yakapoa kwenye majani yake, hakuna aliyenawa.

Jioni Deo akanipigia simu, tena kwa kujidai! “Si ulitaka shujaa?”

“Shujaa gani anapigana na shangazi yangu? Nani alikwambia pale kuna vita?” Nilimkatia simu, nikalia kwa hasira.

Ilibidi yeye na wazee wake warudi upya, na safari hiyo Deo alimpigia magoti shangazi, kimya, mpaka shangazi mwenyewe akachoka kununa.

Tumeoana, ndiyo. Lakini nimeapa: akiniuliza leo nimefundisha nini, namjibu sarufi.