Waliokuja Kuandikwa

Niliporudi Kigoma na cheti changu cha kufundisha watu kujitambua, shangazi yangu aliniuliza swali moja tu: mtu mzima anafundishwaje kujitambua, kwani alipotelea wapi? Nilikuwa na majivuno ya mtu aliyesomea Dar es Salaam, na nilishaamua kwamba wateja wangu watakuwa walimu, wauguzi na wenye maduka, watu wenye riziki yao lakini wanaoona maisha hayasogei. Nikakodi darasa katika chuo cha ushonaji pale Gungu, kila Jumamosi mchana. Nikabandika matangazo mpaka Rusimbi kwamba miezi ya mwanzo ni bure.

Jumamosi ya kwanza walikuja watatu. Ya pili akaja mmoja, naye alikuwa anamtafuta fundi wa kumpunguzia suruali. Shangazi akanikumbusha kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikwenda chumbani nikalia kwa hasira.

Jumamosi ya tatu nikatoa meza nje, nikakaa mlangoni na daftari: jina, unapoishi, unataka nini maishani. Ndivyo tulivyofundishwa, kwamba anayeandika jina hurudi. Wakati ule Warundi walikuwa wamevuka tena mpaka kwa wingi. Wengi walipelekwa kambini, lakini wapo waliotoroka na kujibanza mjini kwa ndugu, wakilima vibarua au wakianika dagaa Katonga. Watu hawa walikuwa wamejifunza jambo moja: ukiona meza na mtu anayeandika majina, usipite bila kuandikwa. Kwa orodha walipata blanketi na sufuria, na kwa orodha wenzao wachache walipandishwa ndege wakaenda kuanza upya nchi za mbali. Jumamosi iliyofuata darasa lilijaa mpaka madirishani.

Nilijua siku ile ile walichokifuata. Niliwauliza wanajiona wapi baada ya miaka mitano. Akasimama mama mmoja wa makamo, mwanika dagaa, akaanza kueleza walivyokimbia: saa ngapi, njia gani, nani aliuawa kwanza na nani akafuata. Alieleza kwa mpangilio, bila machozi, kama mtu aliyekwishayasema hayo mbele ya maofisa. Akakaa, mikono juu ya magoti. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Ubaoni niliandika kwa chaki ya rangi, na hakuna aliyeutazama.

Tulipomaliza yule mama alinifuata. "Shikamoo, mama." Nilikuwa mdogo kwake, nikaitikia hivyo hivyo. "Majina yatabandikwa lini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Nikajibu, "Tumalize mafunzo kwanza."

Niseme ukweli, nilifurahi. Nilipiga picha ya darasa nikiwa nyuma, visogo vimejaa, nikaiweka kwenye tangazo jipya. Jumamosi iliyofuata wakaja walimu wawili na mwenye duka la dawa. Walikosa pa kukaa, na kwa sababu walikosa pa kukaa wakaamini kwamba hapa pana kitu. Wiki hadi wiki wa namna yao wakaongezeka. Watu hufuata watu, na mimi watu wa kufuatwa nilikuwa nao, wamekaa kimya wakingoja ndege.

Kisha ikatangazwa kwamba kambini wakimbizi watahesabiwa upya, na atakayekosekana kadi yake ya posho itafungwa. Warundi walipungua darasani. Jumamosi moja nikamkuta yule mama kiti cha mbele, amevaa kitenge kisafi. Nikamuuliza kama amekwisha kuhesabiwa.

"Shemeji alikuja kunichukua juzi, nikamrudisha peke yake," alisema. "Wanafunga leo. Lakini mimi niko kwa hii yako. Siwezi kuwa kwa orodha mbili, wataniona mwongo."

Ilikuwa saa nane. Kambi iko mbali, njia ya Kasulu, na hata kama gari lingepatikana wakati ule ule, asingewahi. Nikasimama mbele ya darasa nikasema yote, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha ambacho Mrundi hakosi kukielewa: daftari hili haliendi popote, sina ofisi, simjui mtu yeyote wa kusafirisha watu, nafanya biashara. Wakanyanyuka mmoja mmoja. Hakuna aliyenitukana, na ningependa sana angalau mmoja anitukane. Wakabaki walimu, wauguzi na wenye maduka, wale wale niliowataka tangu mwanzo.

Yule mama naye alibaki. Nikamsogelea, nikainama, nikamwomba radhi, nikarudia kwamba sina uwezo wowote, kwamba nimemponza.

Alinishika mkono, akaupapasa kama mtu anayembembeleza mtoto. "Ego, ndiyo mama, ninaelewa," alisema kwa sauti ya chini. "Wakubwa wako wamekukataza kusema. Hata kambini wanakatazwa."

Nikamwapia kwamba sivyo. Akatikisa kichwa kukubali, kwa adabu, na nikaona wazi kwamba haniamini. Aliniomba kitu kimoja tu, nisimfute. Kisha akakaa sawasawa kwenye kiti chake cha mbele, na kwa kuwa wale wengine walikuwa wananitazama, nikashika chaki nikaanza kufundisha.