Nyumba Isiyo na Msumari

Isaburo alikuwa na miaka sabini na moja, seremala mwana wa seremala, na kama alikuwapo mbishi wa kumshinda katika bonde lile, basi alikwisha kufa. Siku hiyo alikuwa dukani kwa Odagiri, muuza vifaa, pamoja na binti yake Chizuru, wakichagua msumeno wa umeme. Theluji ya mwaka ule ilikuwa imevunja paa la nyumba aliyoijenga marehemu baba yake, Fundi Yohei. Nyumba ilikuwa imeshabomolewa, na Chizuru alitaka boriti zake zimjengee karakana ya ufinyanzi.

“Mbao kuukuu hizo, mzee,” Odagiri alisema. “Chukua huu wa kwenda na kurudi. Ni mzito wa mwendo, na mkato wake haupendezi, lakini unatafuna mti na msumari pamoja. Huu wa duara unapita kwenye mti kama kisu kwenye tofu laini. Ila ukikutana na msumari, unakurukia wewe.”

“Nipe wa duara.”

“Baba!” Chizuru alisema. “Hujasikia?”

“Nimesikia. Nyumba ya Fundi Yohei haina msumari. Muulize umtakaye.”

Odagiri akacheka. “Haya, chukua basi hii sumaku upitishe juu ya mbao kabla ya kukata. Nakupa bure.”

“Sumaku kampe mkeo atafutie sindano zake.”

Chizuru alinunua miwani ya kukinga macho, akaitia kwenye mfuko wa baba yake wakatoka.

Ni kweli, bonde zima lilijua. Mafundi walikuwa wakitoka mbali kuja kutazama jinsi ulimi wa boriti ulivyoingia kwenye tundu la nguzo ukakaza wenyewe. Na bonde zima lilijua kisa cha Eikichi, mtoto mkubwa wa Yohei. Siku mafundi wenzake Yohei walipokuja kuikagua nyumba mpya, mmoja wao aliona kichwa cha msumari kwenye nguzo. Yohei akasema ni upuuzi wa Eikichi, aliyekuwa na miaka kumi na tisa. Kisha akamgeukia Isaburo, mtoto wa miaka kumi na minne.

“Wewe ulimwona?”

Isaburo hakuwa ameona chochote isipokuwa macho ya baba yake. Akajibu, “Nilimwona.”

Eikichi hakujitetea hata kwa neno moja. Alifukuzwa siku ile ile, bila hata patasi yake, akaishia kuwa kibarua wa kiwandani katika jiji la Nagoya.

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakumjua Isaburo. Yeye alikuwa ameitembea miaka hamsini na saba, na ilimchosha. Kila mwaka mpya kadi ya Eikichi ilifika, na hakuwahi kujibu hata moja. Angejibu nini? Leo anaambiwa anunue msumeno wa misumari! Kuununua ni kukiri kwamba huenda kaka yake alionewa, na kwamba aliyemwonea ni yeye. Bora aumie.

Asubuhi iliyofuata aliweka boriti ya kwanza juu ya vigoda vya kukatia mbao, akavaa miwani kwa sababu Chizuru alikuwa amesimama pale pale akimkodolea macho, akawasha msumeno. Mti ulikatika vizuri, harufu ya mwerezi ikajaa uani. Boriti ya pili, vivyo hivyo. “Unaona?” alisema. Kwenye ya tatu msumeno ulipiga ukelele, ukaruka nyuma, ukamtoka mikononi. Jino lake moja likang’oka, likampiga kwenye kioo cha miwani, mbele ya jicho la kulia, likakipasua.

“Mungu wangu! Baba!”

“Sijaumia.” Aliinama kutazama mkato. Ndani ya ulimi wa boriti, mahali ulipokuwa umepata ufa, msumari ulikuwa umelala, na juu yake kizibo cha mbao kilichofuata mistari ya mti sawasawa hata jicho lisikione. Eikichi hakuwahi kujua kutengeneza kizibo cha namna ile. Isaburo mwenyewe hajui mpaka leo. Bonde zima alikuwapo mtu mmoja tu wa kukitengeneza.

Isaburo aliketi chini kwenye takataka za mbao. “Nipigie simu Nagoya, namba iko kwenye kadi za baba yako mkubwa,” alimwambia Chizuru.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya mzee mwenye kikohozi.

“Kaka, ni mimi, Isaburo. Nimeuona msumari.”

Eikichi akauliza, “Mmoja tu?”

“Kwani iko mingapi?”

“Kumi na mmoja, ukiacha ule wa nguzoni walioung’oa siku ile. Mimi ndiye niliyemshikia taa.”

“Kwa nini hukusema?”

“Nimvue baba nguo mbele za watu? Mimi ningeishi popote, mdogo wangu. Yeye asingeishi na aibu ile.”

“Mimi nilisema nilikuona, kaka. Sikuwa nimekuona.”

“Najua. Ulikuwa mtoto.” Kikohozi kikamshika. “Mnazikata hizo boriti? Basi tafuta kalamu, usije ukajiumiza. Andika. Ya jikoni, upande wa kaskazini, shubiri mbili kutoka mwisho.”

Isaburo aliandika mpaka msumari wa sita. Hapo machozi yakamzuia kuona, Chizuru akachukua kalamu.

Mchana duka la Odagiri lilikuwa limejaa mafundi. Isaburo aliuweka msumeno wa duara mezani.

“Nibadilishie. Nataka ule wa kwenda na kurudi.”

“Enhe! Si ulisema haina msumari?”

Mafundi wakaangua kicheko. Isaburo alingoja mpaka wakanyamaza.

“Ina kumi na mmoja,” alisema. “Ni baba aliyeipigilia. Si Eikichi. Mimi nilisema uongo.”