Ndege Iliyoshonwa kwa Kinyongo

“Toa nusu, mke wangu. Hii ni ndege, si lori la kuhamia.”

“Sitoi hata kitana.”

“Basi niambie umebeba nini! Tunakwenda kumsalimia dada yangu tu, wewe umeshindilia begi kama mtu aliyefukuzwa kwao.”

“Nimebeba yangu. Wewe tia mafuta.”

Walikuwa ubavuni mwa ndege yao ndogo, kwenye kiwanja cha shamba kubwa katikati ya safari, upepo ukiwavuta nguo kama mtoto mdai peremende. Mume alikuwa fundi wa ndege aliyestaafu. Mtaa mzima ulimwita Kapteni, nusu heshima na nusu kicheko. Mke alikuwa Sindano. Jina hilo alipewa na wateja wa karakana yake ya kushona viti vya magari, nao hawakukosea: mwembamba, mkali, na akikuchoma huoni damu palepale, utaisikia ukishafika nyumbani.

Kapteni alilitazama lile begi, akamtazama mkewe, akanyamaza. Katika kazi ya kunyamaza alikuwa fundi kuliko hata katika kazi ya ndege, na huko kunyamaza ndiko kulikoleta safari hii yote.

Sindano alipoolewa, mama mkwe wake alikuwa na cherehani cha miguu, cheusi, cha chuma cha zamani, kizito kama msiba. Mama yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimkalisha mkwewe kwenye kiti akamwambia, “Mwanangu, katika watoto wangu hakuna ajuaye hata kutunga uzi. Hiki ni chako. Nikifa usimwulize mtu.” Alipougua, Sindano alishona, akaenda kumgeuza kitandani, akarudi kushona. Mlio wa ile pedeli ndio uliokuwa ukimbembeleza mgonjwa. Cherehani kikinyamaza, mzee anafumbua macho.

Ndipo akaja Dada Mkubwa, kifungua mimba wa nyumba ile, mwenye dobi kubwa ya kufua nguo upande wa pili wa nchi. Sauti yake ilikuwa hivi: akikohoa alfajiri, majogoo wa jirani wanaahirisha kuwika. Alikuja kumwona mgonjwa kwa wiki moja. Mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, yeye bado yuko kwenye kochi, miguu juu, anauliza chai hii mbona imepoa. Waliosema mgeni siku ya tatu mpe jembe hawakuwahi kumkabidhi jembe mtu mwenye ulimi kama ule.

Mama akafa, akazikwa. Hata viti vya kuazima havijarudishwa, Dada Mkubwa akaita gari likaja kupakia cherehani.

“Mali ya marehemu humfuata mwanawe,” akasema mbele ya watu. “Wewe wifi yangu ni mpita njia tu. Leo uko hapa, kesho nani ajuaye?”

Sindano alimgeukia mumewe. Kapteni akatazama viatu vyake. Mpaka leo Sindano anaweza kukuchorea vile viatu, na kamba ya kushoto ilivyokuwa imelegea.

Vyerehani vingine vilipita mikononi mwake baadaye. Alivitumia kama mtu aliyeolewa mara ya pili: kwa adabu, bila mapenzi.

Miaka ikaenda. Kampuni ya kunyunyizia dawa mashamba, alikokuwa akifanya kazi Kapteni, ikafunga milango, ikamwachia mifupa ya ndege badala ya kumuaga. Mifupa, kweli: mabomba na mbavu tupu, kama samaki aliyekwisha kuliwa. Kapteni akaiweka uani, akaanza kuifufua. Kuirusha hakukumtisha, kwa kuwa marubani wa kampuni walikuwa wamemfundisha kitambo. Injini ilimshughulisha, lakini mabawa ndiyo yaliyomshinda, maana mabawa ya ndege ile huvikwa kitambaa kigumu, na kitambaa hicho hushonewa kwenye mbavu kwa mkono, fundo kwa fundo. Kazi ya nani tena? Ya Sindano.

Kila alipopitisha sindano alitaja jambo kwa sauti ya chini. Fundo hili la kochi. Hili la chai iliyopoa. Hili la “mpita njia”. Kapteni alimsikia akinong’ona, akadhani mkewe anaiombea dua ndege. Alipofika mkiani alikuwa amemaliza matusi ya kwao yote, akaazima ya jirani. Ndiyo maana mafundi wengine wakiikagua ndege ile hushangaa: kitambaa kimekaza hivi, utadhani kina hasira.

Dada Mkubwa alipopata habari kwamba mdogo wake ana ndege, akapiga simu. Njooni, alisema, tumekuwa wazee sasa, tusameheane.

“Tusameheane!” Sindano alicheka mpaka akashika ukuta. “Kanikanyaga mguu, halafu tusameheane, kana kwamba na mguu wangu nao ulimkanyaga!” Kisha akafuta machozi, akasema, “Twende.” Kapteni alifurahi, akasahau kuogopa.

Basi pale kwenye kiwanja cha shamba, begi halikupunguzwa. Ndege ilikimbia kiwanja chote kama kuku anayekimbizwa, ikaruka ua wa mwisho huku imekunja miguu. Chini yao mito ilijinyonganyonga, mabati yakawakonyeza, ng’ombe wakageuka punje. Haikuwa ndege ya haraka. Kunguru mmoja aliwapita, akageuka kuwatazama, akapunguza mwendo kwa huruma. Anayebisha amwulize kunguru mwenyewe.

Mji ulipotokea, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa uwanja wa dobi: mashuka meupe ya hoteli, kamba kwa kamba, yamepangwa kama meno.

“Teremka,” Sindano alipaza sauti kuushinda mlio wa injini. “Teremka mpaka yale mashuka yajue tumefika.”

“Ni kazi ya watu ile!”

“Na cherehani changu kilikuwa mchezo wa nani?”

“Mke wangu, yule amenibeba mgongoni. Mama akienda shamba, yeye ndiye aliyenilisha.”

“Najua. Kakubeba, na mpaka leo hujashuka.”

Kapteni akaelekeza ndege kiwanjani. Lakini njia ya kiwanjani ilipita juu ya dobi, tena chini chini, na Sindano hakuhitaji ruhusa ya mtu. Alifungua kidirisha, akaokota kile kizulia cha miguuni chenye vumbi la nusu ya nchi, akakikung’uta vizuri, mara ya kwanza kwa ajili yake, mara ya pili kwa ajili ya marehemu.

Dada Mkubwa aliwapokea kwa mikono miwili na machozi mawili, moja kwa kila jicho. Alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo, ila ile sauti haikuwa imepata hata mvi.

“Wifi yangu! Hujabadilika hata kidogo!”

“Na wewe wifi, ulimi hujambo?”

Wakacheka wote wawili, kila mmoja na lake.

Cherehani kilikuwa sebuleni, pembeni mwa dirisha. Juu yake pamewekwa televisheni. Kwenye pedeli zimepangwa ndala za wageni. Sindano alijifanya anafuta vumbi, akaligusa gurudumu. Halikuzunguka. Lilikuwa limeganda kwa kutu, na ubaridi wa kile chuma ukampanda mkono mzima mpaka begani.

“Kimekwisha hicho,” alisema Dada Mkubwa. “Kinanifaa kwa kuwekea televisheni tu.”

Kabla Sindano hajajibu, mfanyakazi wa dobi akaita kutoka uani kwamba mashuka yameharibika, yote yana vumbi, mzigo wa hoteli nzima. Dada Mkubwa akatoka na fimbo yake, akipiga kelele iliyotetemesha vikombe. Mume na mke wakabaki peke yao.

“Haya,” alisema Sindano. “Kichwa chake kimefungwa kwa skrubu. Bisibisi unayo mfukoni, hutoki nyumbani bila bisibisi.”

“Una wazimu? Ndege haiwezi kubeba mimi, wewe na chuma hicho. Tutaishia mtaroni!”

“Nani kasema tutakwenda sote? Utakwenda wewe na cherehani.”

“Na wewe?”

“Mimi nabaki.” Sindano akaketi kochini, akapandisha miguu. “Nimekuja kumtembelea wifi yangu. Begi umelibeba mwenyewe: nguo za mvua zimo, za jua zimo, na sweta. Nitakaa mpaka wanaolima wavune. Na chai nitasema imepoa.”

Kapteni alishika kichwa. “Atakuua.”

“Nitamfia papa hapa kochini, anizike yeye.”

“Na mimi nyumbani nitakula nini?”

“Utajua. Una mikono.”

“Basi mwombe mwenyewe! Zungumzeni, nyinyi ni wanawake, mtaelewana.”

Sindano akashusha miguu. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini, na Kapteni aliona afadhali angepiga kelele.

“Nikiombe mimi? Mbele yake mimi ni mpita njia. Siku ile neno moja lilitosha, bwana, na lilikuwa kinywani mwako. Nimelingoja. Nimekupikia huku nalingoja, nimekuzalia huku nalingoja, nimekushonea ndege huku nalingoja. Leo nataka nilisikie. Nisipolisikia, begi hili halirudi kwako, hata wavune mara ngapi.”

Kapteni alimtazama mkewe usoni, akaona hafanyi mzaha. Uani Dada Mkubwa alikuwa akiuliza mbingu na ardhi ni nani aliyemwaga jangwa kwenye kamba zake. Mkono wa Kapteni ukaingia mfukoni wenyewe. Akaitua televisheni sakafuni. Akapiga magoti, akatia bisibisi, akasukuma. Skrubu ilikataa, ikalia, kisha ikasalimu amri. Ya pili ikafuata. Akakikumbatia kile kichwa cheusi, akasimama nacho, kutu ikimpaka shati.

Fimbo ilisikika koridoni, ko, ko, ko.

“Sema,” alinong’ona Sindano. “Akiingia tu.”

“Nianzie wapi?”

“Anzia ‘Dada’. Mengine unayajua.”

Kapteni akajaribu, midomo ikimcheza kama ya mwanafunzi mbele ya darasa. “Dada… Dada, cherehani hiki mama alimpa mke wa—”

Mlango ukafunguka. Dada Mkubwa alisimama kizingitini, shuka chafu begani, macho yake yakitoka kwenye televisheni iliyo sakafuni kwenda kwenye mikono ya mdogo wake. Kapteni alikibana kichwa cha cherehani kifuani, na hakukishusha.